Mkubwa wa Mapacha

Kabiria, Nairobi
Jumatano, katikati ya Novemba

Kwa Bramwel, Mukhwana wangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana najua wewe husoma barua ukiwa umesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa. U hali gani, ndugu yangu? Mama naye je, mguu wake wa kushoto umeanza kukanyaga au bado anauburuta? Na ule mti uliokatiza waya wa umeme mliutoa? Na ng'ombe yule mkorofi, bado anakupiga teke ukimkamua, au hatimaye mmesikilizana? Mimi huku ni mzima wa mwili. Homa iliyonishika mwezi uliopita imekwisha, kwa sababu Senge Rachael, kwa huo ushangazi wake, alinishindilia uji wa wimbi mpaka nikawa naogopa kikombe. Naye anakusalimu, ingawa salamu zake utaona huko mbele zina uzito wake.

Nakusikia ukicheka kwamba kijana wa kompyuta ameshika kalamu. Cheka tu. Nanyama, binti wa jirani yetu wa huko nyumbani, yule anayesuka nywele hapa Kabiria, anakuja kuwaona wazazi wake, nami nimemwomba akupe bahasha hii mkononi. Simu ya nyumbani ni ya kila mtu. Mama huisikiliza, baba mkubwa huisoma, watoto wa jirani huichezea mpaka inaisha chaji. Haya ninayokuandikia ni ya macho yako kwanza. Tena nisikufiche, tangu ule mkutano wa Septemba kila nikikupigia unasema "sawa" halafu unampa Mama simu. Barua huwezi kumpa Mama kabla hujaimaliza.

Wacha nianze na shindano, maana uliniombea, na mtu akikuombea ana haki ya kujua maombi yake yalifika wapi.

Lilifanyika Jumamosi iliyopita katikati ya jiji, kwenye ukumbi wa jengo moja refu juu kidogo ya barabara ya Tom Mboya. Kila kundi lina watu watatu na kompyuta moja tu. Mnapewa mafumbo, mnaandika programu ya kuyatatua, mnaituma, na mashine inawajibu kwamba ni sahihi au si sahihi. Haikwambii umekosea wapi. Ni kama mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la sita, unapata mkasi, ile alama ya kosa, na kimya. Na kila mkasi unawaongezea dakika za adhabu, hivi kwamba makundi mawili yakitatua mafumbo sawa, lenye mikasi mingi linakuwa nyuma. Kundi la kwanza peke yake ndilo litakalokwenda kushindana na nchi nyingine.

Kundi letu unalijua kwa simulizi. Nyakio ndiye mwenye akili ya utulivu. Baba yake, Mzee Kibe, anauza vipuri vya kompyuta pale Ngara, na miezi yote hii tumekuwa tukifanyia mazoezi nyuma ya duka lake, katikati ya skrini zilizopasuka na kibodi zisizo na herufi. Haron ni kijana wa Woodley, mpole, mwenye kujua hesabu kuliko sisi wote, na mwenye kula kuliko sisi wote pia. Mimi ndiye nilikuwa mwenye kibodi. Wao walisema ni kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi. Ukweli ni kwamba nilipenda kile kiti cha katikati, na hakuna aliyewahi kunigombania.

Mafumbo mengine yalikwenda vizuri. Tukabaki na moja, na hilo ndilo ninalotaka ulielewe, hata kama hupendi mambo haya. Watu wamesimama mstari mmoja kupigwa picha ya harusi. Mpiga picha anataka wapangike kwa umri, mkubwa aanzie kushoto, mdogo aishie kulia. Anaruhusiwa kumtoa mtu mmoja mmoja na kumpachika popote anapotaka. Swali ni hili: ni watu wangapi, wachache iwezekanavyo, atakaowasumbua?

Haron alianza kuwatafuta wale wa kuhamishwa, akajisokota mpaka akaweka kalamu chini. Nyakio akasema tumeanzia mwisho usiofaa. Tusiwatafute wanaohama, akasema, tuwatafute wale wengi zaidi wanaoweza kubaki waliposimama bila kuharibu mpangilio. Tukishawajua wanaobaki, waliosalia ndio watakaohama. Bramwel, nilitamani kumpigia makofi. Jambo lililokuwa msitu likawa uwanja. Nikaandika haraka haraka kwamba katika wanaobaki, kila anayefuata lazima awe mdogo kuliko aliyemtangulia.

Nyakio akanyoosha kidole kwenye skrini, akaniuliza, "Na kama wako na umri sawa?"

Nikacheka. Nilimwambia hakuna watu wawili wasio na mkubwa. Nikamwambia sisi kwetu hata mapacha wana mkubwa na mdogo, wa kwanza ni Mukhwana na wa pili ni Mulongo, na mimi mwenyewe ni Mulongo, kwa hiyo kama kuna mtu hapa ukumbini anayelijua jambo hilo ni mimi. Haron akacheka. Nyakio hakucheka. Akasema, "Sawa Lazo, lakini hiyo mashine haijui kwenu."

Nikatuma. Si sahihi.

Hapo ndipo ungenipiga kofi, kama zamani. Badala ya kurudi kwenye lile swali la Nyakio, nilianza kukagua kila kitu kingine. Nikabadilisha namna ya kusoma orodha, nikatuma, mkasi. Nikaandika upya nusu ya programu, nikatuma, mkasi. Haron alikuwa ameacha hata kutafuna. Muda ulikuwa unakwisha na mimi nimeng'ang'ania kiti kama chifu. Kila Nyakio alipotaka kusema nilimwambia angoje kidogo, nimekaribia.

Mwisho akachukua karatasi akachora watu wanne. Mzee wa miaka sabini, vijana wawili wa miaka ishirini na mmoja, na mtoto wa miaka sita. Akaniuliza kama hao wamepangika vizuri kwa picha. Nikasema ndiyo. Akasema basi niiulize programu yangu ni wangapi wa kuhamishwa. Nikaiuliza, ikajibu mmoja. Akaniuliza, "Nani?"

Nikatazama. Mzee alikuwa mahali pake na mtoto alikuwa mahali pake. Programu yangu ilikuwa inamtoa mstarini mmoja wa wale vijana wawili. Hakuwa amemzuia mtu wala kuharibu picha. Nilikuwa nimeiandikia kwamba hawawezi kubaki wote wawili, basi ikawa kila wakati lazima mmoja aondolewe ili mwingine asimame sawasawa.

Nyakio akaivuta kibodi taratibu, akaongeza alama moja tu, ile ya kusema "au sawa na". Akatuma. Sahihi. Watu wa meza ya jirani wakatupigia makofi, na mimi sikuweza hata kuinua mkono. Tulikuwa tumetatua mafumbo sawasawa na kundi lililoshinda, lakini mikasi yangu ilituweka nyuma yao. Tukawa wa pili. Nyakio hakunilaumu. Wakati tunarudishiwa simu zetu mlangoni alisema tu kwamba aliniuliza mapema. Afadhali angenitukana.

Wenzangu walikwenda Ngara kumwambia Mzee Kibe matokeo. Mimi niliaga nikapita njia yangu kwa miguu, na ile karatasi nikiwa nimeikunja mfukoni. Nilikuwa nimeanza kuwaza mambo mengine kabisa.

Niliwaza Septemba. Ulikuwa umeitwa mara ya pili kwenye kile chuo cha ufundi Eldoret, ukasomee umeme. Mara ya kwanza uliiacha nafasi ikapita kwa sababu Mama alikuwa ndiyo kwanza ameanguka. Safari hii uliomba kitu kimoja tu, kwamba mimi nisimamishe masomo mwaka mmoja, nikae na Mama, nawe uende. Baba mkubwa akaitisha mkutano wa simu, akasema Mukhwana haondoki bomani, kisha akaniuliza mimi maoni yangu. Unakumbuka nilivyojibu. Nilisema kwa ile sauti yangu ya chuo kikuu kwamba mkubwa ndiye nguzo ya boma, na nguzo haihamishwi. Wazee wakanisifu kwa kuongea vizuri. Wewe ukasema "sawa". Kisha ukampa Mama simu.

Si mara ya kwanza ukubwa huo kukuangukia. Tulipopelekwa jandoni, ulisimama uani kwanza na mimi nikabaki nyuma, nikitazama mgongo wako uliopakwa udongo wa mtoni, nikiomba usitetemeke ili na mimi nisitetemeke. Hukutetemeka. Baba alipotuacha tukiwa kidato cha tatu, wewe ndiye ulirudisha vitabu vya shule ukavaa magwanda ya shamba, na hakuna aliyeuliza kwa nini wewe, maana jibu lilikuwa jina lako. Hata asubuhi tukienda shule kwa kile kijia chembamba cha kutokea barabarani, wewe ulitangulia ukipangusa umande kwa miguu. Ulifika darasani suruali imelowa mpaka magotini na yangu ikiwa kavu. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, nasi tulikutupia kila kitu.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu yangu, maana hapa ndipo barua yenyewe ilipo.

Jumapili, baada ya kanisa, Senge alikuwa anapika ugali na mimi nimekaa kwenye stuli pale jikoni. Nikamsimulia kisa cha shindano kwa mzaha, ili aibu yangu ipungue makali. Nilimwambia jinsi nilivyowabishia watu wa Nairobi kwamba hata mapacha wana mkubwa. Nilitegemea acheke, kwa sababu Senge hucheka hata matangazo ya vifo yakisomwa vibaya. Hakucheka. Aliendelea kusonga ugali muda mrefu kuliko unavyohitaji, mpaka nikamwambia umeiva. Akaepua sufuria, akakaa chini kwenye mkeka, akasema kuna jambo amelibeba tangu siku tuliyozaliwa.

Alisema siku hiyo mvua ilikuwa imelivunja daraja, Mama hakuweza kufikishwa hospitali, basi akajifungulia nyumbani kwa bibi mchana kweupe. Senge ndiye alikuwa anapokea watoto kutoka mikononi mwa mkunga, msichana wa miaka kumi na minane asiyejua lolote. Aliyetoka kwanza alimfunga uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono, kama alivyoagizwa, ili Mukhwana ajulikane. Akatoka wa pili. Wote tulilia, kisha mmoja wetu akanyamaza ghafla, pumzi ikakata, na katika hofu hakuna aliyetazama mkono wake. Wakaacha kila kitu, wakatugeuza, wakatusugua, wakatutia wote wawili kwenye karai moja la maji ya uvuguvugu. Hatimaye yule wa kimya akavuta pumzi, na ndiyo sababu nikaitwa Lazarus, hilo tunalijua wote. Tusilolijua ni kwamba Senge alipotaka kutuvika nguo, aliukuta ule uzi ukielea karaini.

Alisema alitutazama mmoja baada ya mwingine na hakuweza kutofautisha. Mkunga alikuwa ameshughulika na Mama. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri kupiga vigelegele, na Mama, kwa ile sauti ya mtu aliyechoka kabisa, akauliza Mukhwana ni yupi. Senge akaogopa kusema hajui. Wewe ndiye uliyekuwa unalia kwa nguvu na ndiye uliyekuwa karibu na mkono wake. Akaufunga uzi kwako.

Basi. Hakuna zaidi ya hapo, Bramwel. Hakuna mtu duniani anayejua nani kati yetu alitangulia. Labda ni wewe, labda ni mimi. Mkunga alikufa, bibi alikufa, na Mama anaamini alichoambiwa.

Nilikasirika, sikufichi. Niliuacha ugali sufuriani, nikatoka nikazunguka mpaka soko la Kawangware na kurudi, nikiongea peke yangu kama mlevi. Niliporudi Senge alikuwa amekaa palepale. Nilimuuliza kwa nini hakusema ulipotolewa shule. Akasema alikusudia kusema. Akasema alikusudia pia kwenye jando, na kwenye mazishi ya Baba, na mwezi wa Septemba, na kila mara aliona kwamba jambo limeshaota mizizi na kuling'oa kungemwangusha Mama. Kisha akalia, mtu mzima yule, akisema amekuwa akikuona shambani kila Krismasi na kuutazama mkono wako, mahali ule uzi ulipokuwa. Na nilipolala, hasira yangu ikaanza kuniuliza mimi maswali.

Maana Senge alisema uongo mara moja, kwa woga, akiwa msichana. Mimi nimeutumia uongo huo maisha yangu yote kwa raha. Na tuseme ule uzi haukudondoka. Tuseme kweli ulinitangulia kwa robo saa. Robo saa hiyo ndiyo iliyostahili shule yako? Septemba sikujua habari za karai. Nilichojua ni kwamba una hamu ya kusoma, na kwamba nikisema "mkubwa" utanyamaza. Nikalisema. Ninajuta, ndugu yangu. Ninajuta kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kujuta, tumboni, kama njaa. Nyakio aliniuliza mapema, na wewe pia uliniuliza mapema.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinipigie simu kubishana kabla hujasoma mpaka chini. Jana nilikwenda chuoni nikaomba kuahirisha masomo kwa mwaka mzima. Wamekubali, karatasi ninayo. Nikapiga simu kule Eldoret nikajifanya wewe, sauti zetu ni moja, nikauliza kama nafasi yangu ipo. Wakasema ipo, nifike Januari nikiwa na vyeti na godoro. Nyakio na Haron nimewaaga. Wameshapata mtu wa kukaa kwenye kiti changu, msichana mmoja anaitwa Jackie, na nasikia vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Iliniuma kidogo. Acha iume.

Senge amesema atakuja nami mwanzoni mwa Desemba, na kwamba yeye mwenyewe atamwambia Mama, kisha baba mkubwa, wakiwa wamekaa, kwa mdomo wake. Nilimwambia si lazima, kwamba mimi nitakuja nikae hata kama jina halitabadilika. Akasema kwake ni lazima. Usimtangulie kwa Mama, tafadhali. Ikikupasa kuwa na hasira naye, una haki. Na ikikupasa kuwa na hasira na mimi, una haki zaidi, na nitaikuta bomani nikifika.

Nifundishe tu kumwinua Mama bila kumuumiza, na unionyeshe ni wapi pa kusimama ng'ombe asiponitaka. Ugali wangu utamkondesha Mama, mwambie ajiandae.

Nisalimie wote hapo nyumbani, nisalimie Mama kwa namna yake, umshike mikono miwili. Baba mkubwa naye umpe salamu za heshima, za kawaida tu, zisimshtue. Senge anakuomba umwombee, na anasema hilo kwa kweli.

Tutashuka barabarani asubuhi mapema. Najua wewe, utakuwa umesimama pale kunipokea mzigo, na ukishaupokea utageuka na kukishika kile kijia mbele yangu, kama siku zote. Nakuomba usifanye hivyo. Nyasi za Desemba zina umande mwingi. Niache nipite mbele, wewe ufuate nyuma, ufike nyumbani suruali yako ikiwa kavu.

Ni mimi ndugu yako wa karai moja,

Lazarus